Herufi Moja Kati ya Meno

Fomu ya kliniki ya sukari ina maswali kumi na manane.
La kumi na moja: Vitafunwa, mara ngapi kwa siku?
Nimepita nalo nyumba sita za Gadeni
na watu wamenijibu kwa vidole,
mmoja akisukuma sahani ya kaimati
chini ya kitanda, kwa unyayo, taratibu,
huku akinitazama usoni.

Bi Mwanatumu Shekuwe alikuwa anachambua mchicha.
Hakuinuka.
"Vita-nini?"
Nikarudia.
Akapanua kinywa, akanionyesha:
ufizi mtupu kama wa mtoto mchanga
na jino moja la kahawia, nyuma kulia,
lililobaki, alisema, kulinda nyumba.
"Kwa ino hili moja, mwanangu, nitafune nini?
Andika sufuri."

Nikaandika sufuri.
Kisha nikaona bilauri ya chai ya tangawizi
na kando yake visheti vitatu,
kimoja kimelowa hadi kiunoni.
"Na hivyo?"
"Hivyo navimumunya. Karatasi yako imeuliza kutafuna."

Nimesomea lishe miaka miwili, nina cheti.
Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, nikampa somo:
kwamba neno lenyewe ni jepesi,
udogo mbele, kazi ya meno nyuma,
kama kifungua kinywa kinavyofungua kinywa,
kama staftahi, ile tuliyoipokea kwa Waarabu,
nayo ukiipasua utakuta kufungua tu,
ndugu yake Fatiha.
Kwa Fatiha alitikisa kichwa, akakubali.
Kwa vitafunwa alikunja uso.

"Kitafunwa ni kitu kimetafunwa. Basi.
Hata kamba ya punda, mbuzi akiipata.
Sisi twalisema kitafunio.
Waisikia ile i?"

Sikuisikia.
Akalitamka tena, akaisimamisha i
juu ya ulimi kama kokwa ya tende
ambayo mtu hajui aiteme wapi mbele ya wageni.

"Zuhra alipoanza kula nalikuwa na meno yote.
Nalitwaa kisheti, nikakitafuna hata kikawa uji,
nikampa kwa ncha ya kidole.
Nalimtafunia. Wafahamu? Nalimtafunia.
Neno hilo ndani lina mtu wa pili.
Ukila pweke, baina ya alasiri na magharibi,
chai imepoa, hakuna aliyepiga hodi,
hicho ndicho kitafunwa chako.
Kiandike. Hicho ninacho, kila siku, mara moja."

Najua wenye kamusi watanicheka.
Watasema i ile imekuja kwa sheria zake,
kama ya kimbilio, kama ya pumzikio,
na haikuzaa wala kunyonyesha.
Huenda.
Mimi sikuwa na kamusi mkononi,
nilikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi
na mwanamke ambaye bintiye yuko Jedda
mwaka wa kumi na tisa sasa.

Nikatwaa kisheti kikavu,
nikakivunja, nikakichovya katika chai yake,
nikahesabu kimoyomoyo hadi ishirini,
nikampa.
"Sukari yangu itapanda," alisema, kinywa kimejaa.
"Itapanda kidogo."
"Nawe twaa. Nitafunie na mimi, nisikie mlio."
Nikatwaa. Kilikuwa kigumu, kikalia kama kokoto,
na Bi Mwanatumu akafumba macho
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Leo ofisini wameirudisha fomu.
Ukurasa wa pili, wamesema, umechafuliwa.
Sufuri imekatwa, pameandikwa mbili.
Hilo si neno, watu hukosea hesabu.
Lakini ni nani, wanauliza, aliyesahihisha swali?